Kilo Arobaini na Mbili

Mpishi mpya wa kambi ya riadha alipoingia jikoni siku yake ya kwanza, hakutazama majiko wala masufuria. Alisimama mlangoni akaangalia karatasi iliyobandikwa pale. Asubuhi: uji kikombe kimoja, bila sukari. Mchana: wali kiganja kimoja, mboga za majani, yai moja la kuchemsha. Jioni: maharage vijiko vinne, nusu tunda. Na chini, kwa wino mwekundu: WASICHANA, KALORI 1,200 KWA SIKU. ASIZIDISHE MTU.

Hakuhitaji kuisoma. Miaka kumi na moja iliyopita karatasi kama hiyo, kwa mwandiko uleule wa kuegemea kulia, ilibandikwa kwenye mlango huohuo, naye alikuwa upande wa pili wa dirisha la jiko, ameshika sahani na kumeza mate.

Enzi hizo waliita jina lake la uwanjani, Mshale. Alikuja kambini ana miaka kumi na tisa, kilo hamsini na moja, mbio ndefu ziko damuni. Kocha alimpandisha kwenye mizani Jumamosi ya kwanza, akasukuma chuma juu ya mhimili, akatikisa kichwa kama fundi aliyeletewa mbao mbovu. "Kila kilo unayobeba ni hatua unayomzawadia mwenzako," alimwambia. Mshale akaamini. Mtu ukiwa na miaka kumi na tisa, ukaambiwa na mwenye filimbi shingoni kwamba njaa ndiyo nidhamu, utabisha na nani? Akashuka arobaini na nane. Akashuka arobaini na tano. Siku zake za mwezi zilipokatika alikwenda kumwambia kwa aibu, ameinamisha kichwa. Kocha akacheka. "Safi. Mwili umeanza kusikia."

Akafika arobaini na mbili. Na akiwa arobaini na mbili, kwenye fainali, mzunguko wa mwisho, anaongoza kwa hatua tano, mfupa wa muundi ulikatika kwa mlio ambao watu wa jukwaani waliusikia. Alianguka kifudifudi. Kocha alikuja mpaka alipolala, akautazama ule mguu, kisha akawaambia wabeba machela, "Mtoeni njiani, mbio hazijaisha." Hospitalini hakutia mguu. Daktari aliishika picha ya mifupa kwenye mwanga, akauliza mara mbili umri wa mgonjwa, maana mifupa aliyoiona ilikuwa ya bibi wa miaka sabini.

Huyo ndiye aliyerudi sasa, ana miaka thelathini na tatu, mnene wa wastani, anachechemea kidogo kukiwa na baridi, na vyeti vya miaka minane ya kupika katika jiko la hospitali mkononi. Alikuwa ameshona kisasi chake kifuani muda mrefu. Tena alijiandaa kwa jambo moja: Kocha atakapomtambua, atasemaje?

Kocha alikuja saa nne kuomba chai. Kichwa kilikuwa kimeingia mvi, kitambi kimetangulia mbele, filimbi ileile shingoni.

"Mpishi, unajua kusoma?"

"Najua, Kocha."

"Basi soma mlango. Yule aliyekutangulia alikuwa na huruma za kijinga. Huruma haishindi medali."

Akachukua chai yake, akaondoka. Mshale alibaki ameshika birika. Alikuwa amejiandaa kwa dharau, kwa kicheko, hata kwa kufukuzwa. Hakujiandaa kwa hili. Mtu huyu alimpima kila Jumamosi kwa miaka mitatu, alimminya mafuta ya mkono kwa vidole viwili kama anayechagua kuku sokoni, na leo amemtazama machoni, hakumjua. Hapo ndipo hasira yake, iliyokuwa moto wa makuti, ikawa moto wa mkaa: haina ndimi, haina moshi, lakini weka kidole uone.

Kambini kulikuwa na wasichana tisa. Aliyekuwa na mbio kuliko wote aliitwa Kijiti, na jina lilimfaa. Siku ya tatu Mshale alimkuta nyuma ya ghala anakwangua ukoko wa sufuria kwa kucha. Kijiti alishtuka kama mwizi.

"Samahani, Mama Jiko. Usimwambie Kocha."

"Simwambii. Siku zako unaziona?"

Msichana akatazama chini. "Tangu mwaka jana, hapana."

Mshale alimwachia sufuria, akaenda moja kwa moja kwenye zahanati ya kambi, chumba kimoja chenye kitanda na kabati, alipokaa Nesi. Nesi alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno machache na miwani iliyofungwa uzi.

"Nesi, niambie kama unavyomwambia mtoto. Mwanamke anahitaji chakula kiasi gani kwa siku?"

Nesi alimtazama juu ya miwani. "Mwanamke gani? Chukua huyu aliyelala kitandani kutwa, hajainua hata kijiko. Moyo wake kupiga, mapafu kuvuta, damu kubaki na joto, tayari ametumia kalori elfu moja na mia tatu hivi. Hajafanya kazi bado. Akiamka, akafagia, akaenda ofisini, akarudi, inakuwa kama elfu mbili. Anayenyonyesha anaongeza. Na hawa wetu, wanaokimbia kilomita ishirini kabla ya jua kukaza? Elfu mbili na mia nane, hata elfu tatu. Pungufu ya hapo mwili unaanza kujila. Unaanza na uzazi, unamalizia na mifupa."

"Kwa hiyo elfu moja na mia mbili…"

"Ni pungufu ya chakula cha maiti aliyekawia kufa," Nesi alisema. "Mwaka huu peke yake nimefunga plasta miguu mitatu. Nimemwandikia Katibu wa chama cha riadha barua nne. Kocha analeta medali, nani atamsikiliza nesi?"

Mshale alirudi jikoni. Alifunga mlango, akapika. Kuanzia siku ile uji wa kikombe kimoja ulikuwa kikombe kimoja kwelikweli, ila ndani yake mlikuwa na siagi ya karanga, maziwa ya unga na mayai mawili yaliyopigwa yakapotelea humo. Kile kiganja cha wali kilishindiliwa kwa mwiko mpaka kikawa kizito kama tofali, na mchele ulikuwa umenyweshwa mafuta kama taa. Chini ya majani ya mboga alilaza nyama ya kusaga. Kocha akipita dirishani kukagua sahani, aliona sahani za kitoto. Hakuonja hata siku moja. Chakula chake yeye kilikuwa mapaja ya kuku, nacho hukila ofisini, mlango umefungwa.

Lakini mizani haidanganyiki kwa macho, na Jumamosi ilikuwa inakuja. Ilikuwa ile mizani ya nguzo, ambayo mtu husimama chini na mpimaji husukuma chuma juu ya mhimili mpaka utulie. Mshale aliijua kuliko kitanda chake. Ijumaa alipokuwa anafagia chumba cha vipimo, alichukua nati ndogo ya jiko bovu, akaipaka gundi, akaibandika chini ya mkia wa mhimili, pasipoonekana. Akapanda kujaribu. Alikuwa amepungua nusu kilo bila kutoa jasho.

Ijumaa iliyofuata akaongeza nati nyingine. Na nyingine. Wiki nane, nati nane, kilo nne.

Wasichana walinenepa na mizani ikasema wamebaki vilevile. Mashavu yaliyobonyea yalianza kujaa. Kocha aliwaangalia uwanjani akasema, "Mnaona? Misuli hiyo. Njaa inajenga." Naye kwa kuwa alikuwa na desturi ya kujipima baada ya wasichana, aligundua mwenyewe amepungua kutoka themanini na sita hadi themanini na mbili. Akafurahi kupita kiasi. Akaja dirishani, amevuta tumbo ndani.

"Mpishi, niongezee paja moja. Nimejinyima mno."

"Hata mimi naona umekwisha, Kocha," Mshale alisema, akampa mawili.

Aliyemgundua alikuwa Kijiti. Ijumaa ya nane alirudi kuchukua viatu, akamkuta Mshale amepiga magoti kando ya mizani na gundi mkononi. Walitazamana. Msichana hakuwa mjinga. Alikuwa ameshahesabu mambo yake: tumbo halingurumi tena, na juma lile, baada ya mwaka na miezi mitatu, alikuwa ameomba pamba kwa Nesi.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Kwa nini?"

Mshale akakunja mguu wa suruali, akamwonyesha kovu refu kwenye muundi. Akamsimulia yote, hakubakiza. Kijiti alisikiliza amesimama, kisha akauliza swali ambalo Mshale hakulitarajia kwa mtoto wa umri ule.

"Sasa Mama Jiko, unatulisha sisi, au unailisha hasira yako?"

"Vyote viwili," Mshale alijibu. "Sufuria moja."

Kijiti akafikiri. "Basi hasira yako ina mkono mzuri wa kupika," akasema, akachukua viatu vyake. Kesho yake wote tisa walijua, na wote tisa walijifunza kuvuta mashavu ndani Kocha alipopita.

Nesi naye alijua kabla ya hapo. Alikuwa ameona damu ya wasichana ikipanda kwenye vipimo vyake. Alimfuata Mshale jikoni na faili kwapani.

"Ushahidi sasa upo. Vipimo vya kabla, vipimo vya baada. Twende kwa Katibu kesho."

"Bado," Mshale alisema.

"Bado nini?"

"Nesi, mpanda ngazi hushuka, najua. Lakini anayeanguka kutoka ngazi ya kwanza hujipangusa vumbi akaenda zake. Watampa onyo, watamhamishia kambi nyingine. Mwache apande. Ubingwa wa taifa ni miezi mitatu tu. Wakishinda hawa, atasimama mbele ya watu aseme ni karatasi yake. Nataka aseme kwa mdomo wake, kwa sauti, kamera zikimwangalia. Halafu nivute ngazi."

"Hilo si la wasichana. Hilo ni lako."

"Ni langu. Nimelilipia."

Nesi akalirudisha faili kabatini. Miezi mitatu ikaenda.

Ubingwa ulifika, na kambi ile ilifanya maajabu. Kijiti alishinda mita elfu kumi, akamwacha wa pili nusu mzunguko. Dakika ya mwisho alikimbia kama aliyeanza sasa hivi. Wenzake watatu walirudi na medali. Juma lililofuata Katibu wa chama alikuja kambini na waandishi wa habari, viti vikapangwa ukumbini, na Kocha akavaa suti. Mizani aliileta mwenyewe mbele, akaisimamisha kando yake kama bibi harusi.

Mshale alikuwa nyuma kabisa, karibu na meza ya vinywaji. Mikono ilikuwa imetulia. Alishangaa ilivyotulia.

"Wananiuliza siri," Kocha alisema. "Siri yangu ni hii." Akainua ile karatasi ya mlangoni, sasa imewekwa kwenye fremu. "Kalori elfu moja na mia mbili. Mwanamke hahitaji zaidi. Akila zaidi, ni uroho. Nimewapima kila Jumamosi, hakuna aliyeongeza hata gramu. Miaka ishirini nimesema, leo medali zimesema. Na nafurahi kuwatangazia kwamba chama kimekwisha kuipeleka karatasi hii kambi nyingine mbili."

Watu wakapiga makofi. Kamera zikamulika. Mshale akaingia stoo, akatoka na mfuko wa mchele begani, mfuko wa kiwandani, mshono haujafunguliwa, na ubavuni umeandikwa kwa herufi kubwa: KILO 25. Akapita katikati ya viti akichechemea. Watu walidhani ni mambo ya jikoni. Akaulaza mfuko juu ya mizani.

"Samahani, Mheshimiwa Katibu. Naomba mtu yeyote apime mchele huu."

"Mpishi, umerukwa na akili?" Kocha alifoka. "Ondoa hiyo!"

Lakini mwandishi mmoja wa kike, mwenye pua ya kazi yake, alikuwa ameshasogea. Akasukuma chuma. Akasukuma tena. "Ishirini na moja," akasema, akageuka kumtazama Katibu. "Mfuko wa ishirini na tano unasoma ishirini na moja."

Mshale akapitisha mkono chini ya mkia wa mhimili, akabandua nati ya kwanza, akaiweka mezani mbele ya Kocha. Tak. Ya pili. Tak. Hakuharakisha. Alikuwa amengoja miaka kumi na moja. Nati nane hazikuwa safari. Alipoweka ya nane alimwomba mwandishi apime tena. Ishirini na tano.

"Wasichana hawa wameongeza kilo nne kila mmoja, wengine tano," alisema. "Nimewalisha kalori elfu mbili na mia nane kila siku kwa miezi mitano. Hakuna aliyeshinda kwa karatasi hiyo. Wameshinda kwa sababu hawakuifuata. Aliyeifuata ni mimi."

"Wewe?" Kocha alikuwa amelowa jasho kwenye kola. "Wewe ni nani?"

"Hunijui kwa sura. Sikulaumu, sura hukuwahi kuitazama. Mimi ni kilo arobaini na mbili."

Alimwona akitafuta. Aliona macho yakipekua Jumamosi moja baada ya nyingine, kisha yakasimama. Yakashuka yenyewe mpaka kwenye mguu wake. Midomo ikafunguka, "Msha…" jina likakwama. Ile ndiyo sura Mshale aliyokuwa ameitaka. Aliitazama mpaka akakinai, kama mtu anavyokunywa maji ya kiu ya mchana kutwa.

Kijiti akasimama bila kuitwa, akasema habari za ukoko wa sufuria. Wenzake wakafuata, mmoja mmoja. Nesi akaleta faili. Katibu, aliyekuwa na barua nne ambazo hakuzijibu, alianza kuiangalia milango ya ukumbi. Kabla ya juma kwisha Kocha alisimamishwa kazi na Katibu akajiuzulu "kwa sababu za kiafya." Mshale alipewa barua ya onyo kwa kuharibu kifaa cha kambi. Aliisoma, akaifungia vitunguu.

Shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea, alimpigia simu baada ya kuyasikia redioni. "Mwanangu, umeshamwangusha. Sasa samehe, moyo upumzike."

"Nikishiba nitasamehe, Shangazi," alisema, na wote wawili wakacheka, ingawa Shangazi alicheka kidogo.

Kamati mpya ya chama ilimwamuru Kocha awaombe radhi wote aliowaumiza. Kwa Mshale alikuja mchana, amevaa shati lisilopigwa pasi, hana filimbi. Alisimama mlangoni mwa jiko. Alisema nia yake ilikuwa njema. Alisema naye alifundishwa hivyohivyo na waliomtangulia. Mwisho akasema naomba radhi.

"Nimesikia," Mshale alisema.

Kocha akangoja neno la pili. Halikuja. "Sogea kidogo," Mshale akamwambia, "unaniziba mwanga." Akasogea, kisha akaondoka, naye Mshale akaendelea kukata nyanya, ameridhika mpaka kwenye vidole vya miguu. Uongo wa nini? Alilala usingizi mtamu juma zima.

Kisha Nesi akaja, akaketi kwenye gunia la viazi, akavua miwani.

"Zile kambi mbili zilizopelekewa karatasi," alisema. "Moja ina msichana wa miaka kumi na saba. Nyonga imevunjika mazoezini, mwezi mmoja kabla ya ubingwa."

Mshale aliweka kisu chini. "Karatasi ilifika huko lini?"

"Wiki mbili baada ya ile siku uliyoniambia 'bado'."

Mshale alihesabu mwenyewe, kwa vidole, kama anayetumaini hesabu itakosea. Hakujuta kumwangusha Kocha, hata kidogo. Kama angefufuka akapanda tena, angemwangusha tena. Lakini ile miezi ya kungoja ngazi irefuke haikuwa ya Kocha. Ilikuwa yake.

Kesho yake alipika uji mzito wa maziwa na karanga, akaweka kwenye chupa ya moto, akapanda basi mpaka hospitali alikolazwa yule msichana. Msichana alilala chali, mguu umevutwa kwa uzito, uso mdogo umebaki macho. Mshale aliketi, akamwambia yeye ni nani, na akamwambia pia jambo ambalo mtu mwingine angelificha: kwamba alikuwa na ushahidi, na akauweka miezi mitatu bila kuutoa.

"Kwa hiyo ungesema mapema, nisingevunjika?" msichana akauliza.

"Huenda usingevunjika."

Msichana aligeuza uso ukutani. "Toka na uji wako."

Mshale akatoka. Chupa aliiacha kwa muuguzi wa wodi. Siku ya pili alirudi na supu, akaambiwa uji haukuguswa, akaiacha supu. Siku ya tatu akaleta wali na samaki, hakuingia hata wodini. Ikawa hivyo juma zima: anapika alfajiri, anawahi basi la saa mbili, anakabidhi, anageuza kuwapikia tisa wake mchana. Kijiti alipomuuliza anakwenda wapi kila asubuhi, alimwambia ukweli, na Kijiti hakumtania.

Siku ya tisa muuguzi alimzuia mlangoni. "Ingia. Anakuita."

Msichana alikuwa ameegemezwa mito. Bakuli la jana lilikuwa kwenye meza ya kitanda, limekombwa. Hakumtazama Mshale usoni, alitazama chupa.

"Leo ni nini?"

"Maharage na mkate. Na maziwa."

"Usidhani nimekusamehe."

"Sidhani."

Msichana akanyoosha mkono kupokea chupa, akaifungua, akanusa.

"Kesho," akasema, "punguza chumvi."